Kabla Hujanunua Bunduki ya Mtutu Mwembamba

Ziweke juu ya meza bunduki mbili za kuwindia za kaliba moja, zenye komeo la aina moja na kitako cha aina moja. Tofauti utaiona mdomoni. Moja ina mtutu mnene kama kidole gumba, nyingine mwembamba kama kidole cha shahada. Inua ile ya kwanza, kisha ile ya pili, na kabla hujauliza bei bega lako litakuwa limeshachagua. Ile nyembamba inapanda yenyewe shavuni, kama fimbo uliyoizoea.

Bega halidanganyi, ila linajua nusu tu ya habari. Nimebeba za aina zote mbili kwa miaka mingi, na ninalotaka kumwambia mwenye leseni anayejiandaa kununua ni hili: mtutu mwembamba ni mzuri kwa mtu anayetembea sana na kupiga kidogo, na ni mzigo wa matatizo kwa mtu anayetembea kidogo na kupiga sana. Niliowaona wakijuta walinunua bila kujiuliza wao wako upande gani.

Tuanze na hesabu, maana hapa hesabu inasema mengi. Chukua vipande viwili vya mtutu vya urefu wa sentimita 60, vyenye tundu la milimita 7.6, na tuseme unene haupungui kuelekea mdomoni, ili hesabu iwe rahisi. Cha kwanza kina kipenyo cha nje cha milimita 20, cha pili milimita 15. Cha kwanza kitakuwa na uzito wa karibu kilo moja na robo, cha pili gramu 620 hivi. Umeokoa zaidi ya gramu 600, na hizo si kidogo. Ni maji zaidi ya nusu lita, na katika pori la miombo mwezi wa Septemba, saa nane mchana, nusu lita ya maji ina thamani kuliko vitu vingi ulivyobeba.

Lakini ukakamavu wa chuma, yaani uwezo wake wa kukataa kupinda, haupungui kwa mwendo wa uzito. Unafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Kwa hiyo kile kipande cha milimita 15 kimebaki na nusu ya uzito, lakini ukakamavu wake haufiki hata theluthi moja ya ule wa mwenzake. Hapo ndipo wepesi unapolipiwa. Kila risasi inapotoka, mtutu hutikisika kama ufito uliochomekwa ukutani na kugongwa, na ule mwembamba hutikisika kwa upana zaidi. Kitu chochote kinachougusa, kinachouvuta au kuupasha moto kinausogeza zaidi kuliko ambavyo kingeusogeza mtutu mnene.

Wengi hurukia hapa na kusema kwamba mtutu mwembamba haulengi. Si kweli. Risasi haijali kama mtutu umetikisika. Inachotaka ni utikisike vilevile kila mara. Mtutu mwembamba uliotengenezwa vizuri, ukiwa baridi, unaweza kuweka risasi tatu katika duara ambalo kikombe cha kahawa kingelifunika, kwa mita 100. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana wa sentimita 15 hivi, na mapigo mengi ya miombo hufanyika chini ya mita 150. Bunduki inayotawanya risasi kwa sentimita tano katika mita 100 inatosha kazi hiyo na kubakiza. Hofu ya kulenga imekuzwa na watu wanaopiga mezani, wakipima matundu kwa rula.

Waliobuni bunduki nyepesi walijua walichokifuata. Winchester walipotoa toleo la Featherweight la bunduki yao ya Model 70 mwaka 1952, hawakupunguza unene peke yake. Walifupisha pia mtutu kutoka inchi 24 hadi 22, yaani kutoka sentimita 61 hadi 56. Hiyo ni akili kubwa, kwa sababu ufito mfupi haupindi kirahisi. Kwa kufupisha sentimita tano tu, unarudisha zaidi ya robo ya ukakamavu. Bunduki ile ilitoka na uzito wa kilo tatu hivi, na wawindaji wa milimani Marekani waliipenda kwa sababu kule mwindaji hupanda tangu alfajiri, na pengine hushuka bila kufyatua hata mara moja.

Hata kwetu Afrika Mashariki, wepesi una historia yake. Walter Bell, Mskoti aliyepata jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi kati yao kwa bunduki ndogo za kaliba ya .275 Rigby, na alitumia pia Mannlicher nyepesi ya milimita 6.5. Alitembea umbali ambao wenye bunduki nzito za mitutu miwili wasingeuweza, na alijua mahali hasa pa kupiga. Simtaji ili aigwe. Leo kwa nyati na wanyama wengine wa hatari, kaliba ya .375 ndiyo huhesabiwa kiwango cha chini, na tembo wetu wamepata mateso ya kutosha. Ninamtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha bunduki nyepesi inamfaa nani: mtu wa miguu mirefu, risasi chache na mkono uliotulia.

Upande wa pili wa historia ni Waingereza na bunduki yao ya No. 5, iliyotoka mwaka 1944 kwa vita vya misituni Asia. Walichukua Lee-Enfield ya kawaida wakakwangua chuma karibu kila mahali, mtutu ukiwemo, hadi ikapungua kwa karibu kilo nzima. Askari waliofurahia uzito wake walilalamikia teke lake, na yakaenea malalamiko kwamba shabaha yake inahama: leo imesawazishwa, kesho inapiga pembeni. Miaka michache baada ya vita ikaachwa kutengenezwa. Gramu zikikwanguliwa pasipo mpangilio, bunduki hulipiza.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Kila risasi huacha joto ndani ya chuma. Kiasi cha joto ni kilekile, mtutu uwe mnene au mwembamba, kwa sababu baruti ni ileile. Ila chuma kikiwa nusu, halijoto hupanda maradufu. Mtutu ukipata moto hurefuka na hutanuka, na kama ndani ya chuma kumebaki mkazo kutoka kiwandani, wakati wa kuchonga ile mifereji inayoizungusha risasi, hapo ndipo mkazo huo unapojionyesha. Mtutu huanza kupinda kidogo kuelekea upande mmoja. Macho yako hayaoni kitu, lakini karatasini risasi ya kwanza iko katikati, ya pili imepanda, ya tatu imepanda tena na kwenda kulia, kama mtu anayepanda ngazi. Watengenezaji wazuri hupasha chuma na kukipoza taratibu ili kuondoa mkazo huo, na mtutu wa namna hiyo hauhami sana hata ukiwa mwembamba. Ndiyo maana kwa mitutu myembamba, ubora wa kiwanda una uzito kuliko kwa minene. Mtutu mnene huficha makosa mengi ya fundi. Ule mwembamba huyatangaza.

Mimi somo hili nililipata kwa pakiti nzima ya risasi. Nilikuwa na bunduki mpya nyepesi na darubini mpya, na nilikuwa na haraka. Nilipiga tatu, nikaona ziko chini kidogo, nikazungusha kitufe cha darubini. Nikapiga tatu tena, zikawa juu. Nikazungusha kurudi. Jua lilikuwa kali, hewa ya moto inapanda kutoka kwenye mtutu mbele ya kioo hadi karatasi inacheza machoni, nami naendelea tu kupiga na kuzungusha. Risasi ishirini zilipoisha nilikuwa na tatu za mwisho zilizokaa vizuri katikati, nikarudi nyumbani nimeridhika. Asubuhi iliyofuata, mtutu ukiwa baridi kabisa, nilipiga moja. Ilikuwa sentimita tisa chini ya katikati. Nilikuwa nimeisawazisha bunduki kwa ajili ya mtutu wa moto, mtutu ambao hakuna mwindaji anayewahi kuwa nao mnyama anapotokea.

Kwa hiyo mwenye mtutu mwembamba ajifunze kusawazisha kwa namna yake. Nenda uwanjani alfajiri, wakati hakuna jua juu ya chuma. Weka karatasi mita 100, kaa, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, kisha piga moja tu. Fungua komeo, toa ganda, simamisha bunduki kivulini, komeo likiwa wazi ili hewa ipite. Subiri dakika kumi, au zaidi kama siku ni ya joto. Shika mtutu kwa kiganja katikati ya urefu wake. Ukiusikia kama chuma cha kawaida kilichokaa kivulini, piga ya pili. Ukiusikia vuguvugu, subiri. Na kama umefikia mahali huwezi kuushika ukahesabu mpaka tano, funga kazi, kwa sababu kuanzia hapo hujifunzi kitu na unaharakisha kuliwa kwa mtutu mbele ya chemba. Faraja iliyopo ni kwamba mtutu mwembamba hupoa haraka kuliko mnene, kwa kuwa una chuma kidogo cha kupoza. Nenda na chai na mazungumzo.

Usiguse darubini mpaka uwe na matundu matatu yaliyopigwa hivyo. Kisha andika namba ya kila tundu pembeni yake kwa kalamu, tarehe na aina ya risasi, na uitunze karatasi hiyohiyo. Irudishe uwanjani siku nyingine, upige moja ya baridi, uandike namba. Baada ya asubuhi saba au nane utakuwa na karatasi inayoeleza ukweli wote kuhusu bunduki yako: risasi ya kwanza, mtutu baridi, inatua wapi. Karatasi yangu moja ya namna hiyo ina matundu kumi ya siku kumi tofauti, nami ninaiamini kuliko tangazo lolote la kiwanda.

Siku moja ya mwisho fanya kinyume. Piga tano kwa kufuatana, ukiziandikia namba, uone mtutu wako unahamia wapi ukipata moto na kuanzia risasi ya ngapi. Mingi huvumilia tatu bila kulalamika, na tatu ni zaidi ya anazohitaji mwindaji mwenye adabu kwa mnyama mmoja. Ukikuta wako unahama kuanzia ya pili, basi hiyo ni kasoro. Mpelekee fundi mwenye leseni au uirudishe dukani.

Kabla ya kulaumu chuma, hata hivyo, tazama mbao. Chukua noti ya shilingi elfu, ipitishe kati ya mtutu na ubao wa mbele, kisha ivute taratibu kuelekea kwenye chemba. Kwa bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, noti inatakiwa iteleze bila kukwama. Ikikwama mahali, mtutu unaguswa, na kwa mtutu mwembamba mguso mdogo ni jambo kubwa. Mbao hunyonya unyevu. Bunduki iliyosawazishwa kiangazi inaweza kuguswa na mbao zake zilizovimba masika, na mwenyewe akabaki anailaumu darubini. Fahamu tu kwamba kuna bunduki ambazo kiwanda kimeweka kwa makusudi kinundu karibu na ncha ya ubao ili kiubane mtutu na kuutuliza, na baadhi ya mitutu myembamba hupenda hivyo. Kama yako inalenga vizuri, kiache. Usikichonge kwa sababu tu umesikia kwamba mtutu lazima uachwe huru.

Kosa jingine nililiona kwa karibu. Tulikuwa tumemkaribia tandala, mzee wetu wa nyayo amesimamisha zile fito tatu za kuegemea, na kijana aliyekuwa na bunduki, kwa haraka ya moyo, akaweka mtutu wenyewe juu ya fito badala ya ubao. Alipiga. Tandala aliruka, akasimama hatua ishirini mbele, hana hata mkwaruzo, kisha akatoweka. Mzee hakupandisha sauti. Alimshika kijana mkono akauweka chini ya ubao wa mbele, akasema, "Mwanangu, chuma hakiegemezwi. Egemeza mbao." Ndivyo ilivyo. Mtutu ukiegemea kitu kigumu, risasi hukimbia upande ulio mbali na kitu hicho, na jinsi mtutu unavyokuwa mwembamba ndivyo inavyokimbia mbali zaidi. Vivyo hivyo mkanda: ukiuzungusha mkononi na kuuvuta kwa nguvu, ubao mwepesi wa mbele unaweza kupinda hadi uguse mtutu. Kama unapiga kwa mkanda porini, sawazisha kwa mkanda uwanjani.

Kuhusu risasi, mtutu mwembamba huchagua chakula. Bunduki yenye mtutu mnene ukiibadilishia aina ya risasi, mara nyingi tundu husogea kidogo. Ile nyembamba inaweza kusogeza kiganja kizima. Jaribu aina tatu au nne mwanzoni, ukipata inayopatana nayo nunua akiba kadiri leseni yako inavyoruhusu, za toleo moja, namba ileile iliyochapwa kwenye pakiti. Kwa huku kwetu, ambako unaweza kwenda dukani ukaambiwa aina hiyo haipo hadi mwezi usiojulikana, jambo hili ni la kufikiria kabla ya kununua bunduki yenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo duka halikuonyeshi. La kwanza ni teke. Nguvu ya teke hupanda kadiri uzito unavyoshuka: bunduki ya kilo tatu hupiga bega kwa nguvu inayozidi ya kilo nne kwa theluthi, kwa risasi ileile. Kwa kaliba ndogo unavumilia. Kwa .375 mtutu mnene ni rafiki, na anayenunua .375 yenye mtutu mwepesi kama unyoya kwa ajili ya nyati atajifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, tabia inayochukua miaka kuiacha. La pili ni mdomo unaocheza. Bunduki yenye uzito mbele hutulia ukiwa umesimama bila egemeo. Ile nyepesi hufuata kila pigo la moyo, na moyo wa mtu aliyetoka kupanda mlima hupiga kwelikweli. Kwa upande mwingine, nyepesi huinuka na kugeuka upesi, na katika kichaka ambamo pongo anaonekana kwa muda wa kuvuta pumzi moja, hiyo ni faida usiyoweza kuinunua kwa kitu kingine. Dawa ya kucheza ni kukaa chini, au kuegemea mti huku mkono wako ukiwa kati ya mti na ubao.

Kama unataka wepesi lakini yote haya yanakutisha, zipo njia za kati. Ya kwanza, ambayo naipendelea, ni kununua bunduki iliyotoka kiwandani na mtutu mfupi wenye unene wa wastani. Utapoteza mwendo kidogo wa risasi, kiasi ambacho mnyama wa mita 120 hatakihisi. Nasema iliyotoka kiwandani. Usimpe fundi wa mtaani msumeno. Ni hatari, na unaweza kujikuta umevunja sheria. Ya pili ni mtutu mnene uliochongwa mifereji kwa nje. Huo hupungua uzito bila kupoteza ukakamavu mwingi, ingawa si kweli, kama wengine wasemavyo, kwamba mifereji inaufanya uwe mkakamavu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuchongwa. Ya tatu ni mtutu wa chuma chembamba uliovishwa nyuzi za kaboni. Ni mwepesi na mkakamavu, lakini bei yake ingeweza kukupa risasi za mazoezi za miaka kadhaa, na mazoezi ndiyo yanayopungua kwa wengi wetu.

Nani basi anunue? Mwenye leseni Tanzania anayewinda swala, pongo au tandala kwa miguu, kwa kaliba ya kati, anunue mtutu mwembamba bila wasiwasi, mradi akubali kuusawazisha taratibu. Mwindaji bingwa anayesimama mbele ya nyati pamoja na mgeni aachane nao. Jirani zetu wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na mwenye bunduki ya leseni huipigia karatasi uwanjani, hawana sababu ya kuokoa gramu 600 kati ya gari na meza. Wachukue mtutu mnene na wapige siku nzima. Kijana anayejifunza naye aanze na mnene, kwa sababu anahitaji risasi nyingi kwa siku, na anahitaji bunduki inayomsamehe.

Na wewe ambaye umeshanunua, ninakuomba jambo moja. Msimu ukifunguliwa, kabla hujaingia kwenye kitalu, tafuta mahali panaporuhusiwa, toa bunduki kwenye mfuko wake ikiwa baridi, piga risasi moja kwenye karatasi yako ya zamani. Ikitua penye wenzake, ingia. Ikitua pembeni, siku hiyo mwache mnyama aende zake, ukae utafute sababu.